Nusu ya Nchi ni Misitu: Mbona Bibi Hana Kuni?



Mwezi uliopita nilikuwa ofisini katika kazi yangu ya kila siku, kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, akaingia kijana mmoja wa darasa la saba. Akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema ana swali limemshinda. Mwalimu wake aliwafundisha kwamba zaidi ya nusu ya Tanzania Bara ni misitu. Jioni alipolirudia somo hilo nyumbani, bibi yake, ambaye amekuja kuwatembelea kutoka Shinyanga, alicheka mpaka akajifuta machozi. Akamwambia, "Mjukuu wangu, huyo mwalimu wako hajapata kupika."

Basi kijana akaniuliza, "Karani, nani asemaye kweli, mwalimu au bibi?"

Nikamjibu kwamba wote wawili wasema kweli. Akaniona kama ninayemkwepa. Kwa kuwa mimi nami nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii ya ukarani, nikaona aibu kumwacha aende na jibu nusu. Nikatoa karatasi, tukakaa mezani. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayowaandikia ninyi leo. Tena ninayo sababu ya kuyaandika sasa, ambayo nitaitaja mwishoni.

HESABU YA MWALIMU

Kwanza tumpe mwalimu haki yake. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ulifanyika upimaji mkubwa wa misitu ya Tanzania Bara. Wapimaji walikwenda mikoa yote, wakapima miti katika maelfu ya viwanja vidogo, porini, mashambani na milimani. Taarifa yao ilipotoka mwaka 2015 ilisema kwamba misitu yote yafika hekta milioni 48 hivi, nayo ni kama 55 kwa mia ya nchi kavu ya Bara. Hekta moja, kwa msomaji aliyezoea eka, ni eka mbili na nusu. Kwa hiyo mwalimu hakusema uongo.

Lakini yafaa tujue wapimaji huita msitu kitu gani. Watu wengi wakisikia neno msitu hufikiri giza, mizabibu inayoning'inia na nyani wakirukaruka juu. Kwa wapimaji sivyo. Kwao mahali penye miti pakitosha kufunikwa na matawi sehemu moja tu katika kumi, huhesabiwa kuwa msitu. Yaani mtu aweza kusimama mahali, akaona anga kubwa na miti imeachana, ng'ombe wakapita katikati bila shida, na bado pakaandikwa msitu. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za hizo hekta milioni 48 ni mapori ya namna hiyo, makubwa yakiwa yale ya miombo. Misitu mizito yenye giza ni sehemu ndogo sana.

Jambo la pili ni hili. Ukisema nusu ya nchi ni misitu, mtu hudhani kila kijiji kimepewa nusu yake, kama mama agawavyo ugali. Haikuwa hivyo. Nyumba kumi zikiwa na magunia kumi ya mahindi, mtu aweza kuandika kwamba kila nyumba ina gunia moja. Kumbe nyumba mbili zina magunia matano matano, na nane hazina kitu. Hesabu ni sahihi, lakini watoto wa zile nyumba nane watalala na njaa.

TUIPAKE RAMANI RANGI

Mwambie mtoto wako achore ramani ya Tanzania, kisha mpe kalamu ya kijani, nanyi mpake pamoja.

Anzeni magharibi na kusini. Tabora, Katavi, Kigoma na sehemu za Rukwa, kisha Chunya, kisha Ruvuma, Lindi na sehemu kubwa ya Morogoro. Hapo pakeni kijani kipana, lakini chepesi. Ndiyo nchi ya miombo: mitundu, miyombo, na mininga yenye mbao nyekundu. Wakati wa kiangazi miti hii hupukutisha majani, na mgeni akipita hudhani imekufa. Halafu, hata kabla mvua haijaanyesha, yachipua majani mekundu kama moto, na nyuki wanaanza kazi. Humu ndimo itokamo asali ya Tabora. Kusini, upande wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, ndiko uliko mpingo, mti mweusi wa vinyago na wa filimbi za Ulaya.

Sasa chukueni kijani kizito, lakini mweke nukta nukta tu: Usambara, Upare, Nguru, Uluguru, Udzungwa, Rungwe, Meru na Kilimanjaro. Hii ndiyo misitu ya milima, yenye ukungu na miti mirefu. Ni midogo kwenye ramani, lakini isidharauliwe. Katika bonde moja la mlima Kilimanjaro mtaalamu alipima mti wenye urefu wa mita 81 na nusu, na habari zake zilipotangazwa mwaka 2016 ukatajwa kuwa mrefu kuliko yote iliyojulikana Afrika. Katika milima ya Usambara ndimo alimoliona Mjerumani mmoja ua dogo la zambarau, na tangu mwaka 1892 mbegu zake zikapelekwa Ulaya. Leo laota katika vyungu madirishani kwa watu ambao hawajui Usambara iko wapi. Zaidi ya hayo, misitu hii ni mitungi ya maji. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huyanywa maji yake, hupokea maji yake mengi kutoka Uluguru. Mto Sigi huinywesha Tanga. Mtu wa mjini afunguapo bomba, anakunywa mlima ambao pengine hajapata kuuona.

Shukeni pwani, mchore mstari mwembamba. Hiyo ni mikoko, isimamayo ndani ya maji ya chumvi. Mikubwa kuliko yote ni ile ya delta ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, ambamo kamba na samaki wadogo hulelewa kabla ya kutoka baharini.

Upande wa Mufindi na Njombe pakeni kijani kingine, kwa maana misitu mingi ya huko ilipandwa na watu. Mahali palipokuwa majani matupu na baridi sasa pana misonobari na mikalitusi iliyopangwa safu kama watoto wa shule mstarini. Shamba la serikali la Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini. Na wanakijiji wa Njombe nao wamejifunza: baba hupanda miti mtoto azaliwapo, ili apate ada ya shule akikua.

Bado hatujafika kwa bibi. Dodoma na Singida pakeni madoa ya vichaka. Pale Itigi ni kichaka kizito kweli, mtu hapiti bila panga. Kisha Shinyanga, Simiyu, Mwanza na sehemu kubwa ya Mara. Huko kalamu yenu itapumzika. Karatasi itabaki nyeupe nyingi sana.

Msifikiri, hata hivyo, kwamba kila palipo peupe pameharibiwa na watu. Nyika za Serengeti upande wa kusini ni majani kwa asili yake. Majivu ya volkano yaliyomwagika zamani kutoka milima ya Ngorongoro yalifanya tabaka gumu chini ya udongo, na mizizi ya miti haiwezi kupenya. Wala msifikiri kwamba pasipo msitu hapana miti. Mkienda Bukoba au Uchaggani mtakuta kila kaya ina miti yake katikati ya migomba na kahawa. Wapimaji hawaiiti msitu, lakini mama huokota kuni humo humo.

MVUA, MBUNG'O NA SHOKA

Kijana aliponyamaza akiitazama ramani ile, akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Nani aliigawa hivi?"

Mgawaji wa kwanza ni mvua. Kule Amani, Usambara Mashariki, hunyesha karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Dodoma haipati hata theluthi moja ya hiyo, ama huipata kwa shida. Milima huyazuia mawingu yatokayo baharini na kuyakamua. Nchi iliyo nyuma ya milima hupata makombo. Katika hili hatuna la kulalamika.

Mgawaji wa pili ni mdudu. Mapori ya miombo ya magharibi na kusini yalikuwa, na mengine bado ni, makao ya mbung'o, ambaye huwapa ng'ombe nagana na huwapa watu malale. Kwa hiyo mfugaji aliyakimbia mapori hayo. Mbung'o, kiumbe tunayemchukia, akawa mlinzi wa msitu bila mshahara.

Mgawaji wa tatu ni historia ya watu. Kusini, vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 pamoja na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa upande wa Liwale, na nchi yao ikaongezwa katika hifadhi ya wanyama ya Selous. Kwa hiyo yale mapori makubwa ya kijani katika ramani yetu si yote ya tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Chini ya miti mingine kuna majivu ya mafiga ya watu.

Na mgawaji wa nne ni shoka, pamoja na jembe, na siku hizi msumeno wa moto. Waingereza walianza mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga. Walileta matingatinga wakang'oa mapori Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walisahau kuuliza mvua ya Kongwa hunyesha kiasi gani, na wenyeji wangaliwaambia bure. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Karanga hazikupatikana za kutosha, na miti haikurudishwa.

ALIYOTUELEZA BIBI

Jioni ile nilikwenda na kijana nyumbani kwao kumwamkia bibi. Nilitaka kumsikia mwenyewe, maana yeye ameishi katika ile sehemu nyeupe ya ramani.

Nikasema, "Shikamoo, bibi. Nimeambiwa umemcheka mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Simcheki yeye. Naicheka nusu yake. Mbona hakutupimia na sisi?"

Akatusimulia kwamba alipokuwa msichana aliambiwa na mama yake kuwa nchi ile ilikuwa na miti tele, migunga na miti mingine, na watu waliogopa kupita usiku kwa sababu ya fisi. Jambo hilo limeandikwa hata vitabuni. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea serikali ya kikoloni iliwahimiza watu wafyeke mapori ili mbung'o akose kivuli. Watu waliitwa kwa maelfu, wakafyeka. Mbung'o akaondoka kweli, na ng'ombe wakazaa wakajaa nchi. Kisha ikaja pamba, na kila pori lililobaki likawa shamba la pamba. Kisha katika miaka ya 1970 watu wakahamishwa kutoka makazi ya zamani wakakusanywa vijijini. Kila kijiji kikakata miti iliyokizunguka, na maeneo ya malisho waliyoyatunza wazee yakaachwa nyuma bila mwenyewe.

"Ndipo tukapika kwa nini?" akauliza bibi, na mwenyewe akajibu. "Kwa mabua ya pamba. Yakiisha, kwa samadi ya ng'ombe. Moshi wake unaingia machoni na katika mboga. Nami najua kabisa kwamba samadi ile ingetakiwa shambani. Nilikuwa nikichoma mahindi yangu ya mwaka ujao nipate kupika mahindi ya mwaka huu."

Wasomaji wapenzi, nimesoma vitabu kadhaa juu ya ardhi, sijakuta maneno yaliyoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Kuni zilipopatikana, alisema, wanawake waliondoka kabla ya jua kuchomoza wakarudi mchana mzigo kichwani, na mtoto wa kike aliyekwenda nao hakufika shule siku hiyo. Hii ndiyo gharama ambayo wapimaji hawaiandiki.

NGITILI

Sasa sikilizeni sehemu iliyo njema. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya kama wataalamu wengi wafanyavyo. Walianzisha bustani za miche, wakawagawia watu miti ya kigeni wapande. Watu waliipokea kwa adabu, lakini hawakuipenda sana. Miche ilihitaji maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kubebwa kichwani.

Ndipo wakawageukia wazee. Wasukuma wana desturi ya zamani iitwayo ngitili. Mtu, au ukoo, au kijiji, hutenga sehemu ya ardhi, na mvua ianzapo huifunga, ng'ombe hawaingii. Nyasi humea, na kiangazi kikali kifikapo ndipo hufunguliwa kidogo kidogo, ili mifugo isife. Desturi hii ilikuwa imedhoofika, lakini haikusahaulika. Na jambo la ajabu lilionekana: mahali palipofungwa, miti iliota yenyewe. Chini ya udongo ule ulioonekana mtupu visiki na mizizi vilikuwa hai bado, vikingoja tu waache kukanyagwa na kukatwa. Haikuhitajika miche mingi wala fedha nyingi. Ilihitajika watu wakubaliane kuacha.

Kukubaliana kulifanyika kwa njia zao wenyewe. Mkutano wa jadi, uitwao dagashida, ulipanga makosa na faini, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimetunzwa zilihesabiwa kuwa hekta 600 na kidogo tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao baadaye sehemu zake ziliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa. Mradi wenyewe ulifungwa mwaka 2004, lakini ngitili zilikuwa za watu, hazikufungwa pamoja nao.

Bibi hakuyajua mambo ya tuzo. Alijua jambo jingine. "Binti yangu wa mwisho," alisema, "aliokota kuni nyuma ya nyumba na akawahi shule. Yule wa kwanza hakuwahi." Kisha akanyamaza, kwa kuwa huyo wa kwanza ndiye mama yake kijana wetu, naye alikuwa jikoni akitusikia.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu ni asali. Ngitili nyingine zimekatwa upya kwa sababu watu wameongezeka na mashamba yamekuwa madogo. Tena mwenye ardhi nyingi ndiye mwenye ngitili kubwa, na maskini huingia humo kwa kuomba. Ndiyo maana ngitili za kijiji na za shule zina faida ya pekee, maana mjane naye ana sehemu yake. Hata hivyo somo limebaki wazi: kilichoondolewa na mikono ya watu, mikono ya watu yaweza kukirudisha, mradi mizizi isiwe imekufa.

SISI WENYE MITI TUSICHEKE

Sasa naja kwa ile sababu niliyowaahidi. Parokia yetu iko katika nchi ya miombo, upande wa Tabora. Kwetu mtu akitaka kuni hutoka mlangoni. Tukimsikia mtu wa Usukuma akisema alipika kwa samadi, twamhurumia kama tunavyomhurumia mtu wa nchi ya mbali. Lakini babu zake bibi nao walikuwa na miti tele. Wao nao hawakufikiri kwamba itakwisha.

Tuangalie mikono yetu. Tumbaku yetu hukaushwa kwa moto katika mabani, na bani hula kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mashamba ya tumbaku huchoka, nasi twafyeka mapya. Mkaa nao: mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba nchi nzima huchoma kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu huliwa na Dar es Salaam peke yake. Mji ule hauna msitu wa kutosha kujipikia. Kwa hiyo hupikiwa na misitu ya mikoa mingine, na kila barabara nzuri iendayo porini huwa pia njia ya magunia. Na ndugu zetu wafugaji na wakulima waliokosa nafasi kwao wamehamia kwetu, na Katavi, na Rukwa, na hata Lindi. Siwalaumu. Walifuata nyasi na ardhi, kama mtu yeyote angefanya. Lakini wakija na sisi tusipopanga mahali pa kulima, pa kulisha na pa kuacha, ramani nyeupe itahama pamoja nasi.

Upimaji ule niliousema ulionyesha kwamba Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 370,000 za misitu kila mwaka. Ukitaka kujua ukubwa wake, chukua Unguja na Pemba uziunganishe; bado hazifiki. Tena upotevu huo nao hauko sawa kila mahali. Haukati sana palipo peupe, maana hapana cha kukata. Hukata palipo na miti. Yaani kwetu.

KIJIJI CHAWEZA KUFANYA NINI

Mtu aweza kusema, "Karani, hayo ni mambo ya serikali." Si yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu katika ardhi yake na kuutawala. Mkutano mkuu wa kijiji hukubali, mipaka huwekwa, kamati huchaguliwa, sheria ndogo huandikwa, na mpango wa kuvuna hutengenezwa kwa msaada wa afisa misitu wa wilaya. Mapato ya mazao ya msitu huo huingia katika mfuko wa kijiji.

Wako waliotutangulia. Huko Babati, katika mapori ya Duru-Haitemba, serikali ilitaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuuchukua msitu uwe wa hifadhi ya serikali. Wanavijiji walikataa, wakasema watautunza wenyewe. Wakapewa nafasi. Vijiji vinane viliweka walinzi wake na faini zake, na pori la hekta kama 9,000 likarudia kuwa zima. Huko Kilwa vijiji vilivyotenga misitu yake vimeuza magogo ya mpingo kwa halali, na mwaka 2009 viwili kati yao, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba uvunaji wao hauharibu msitu. Zamani mfanyabiashara alilipa kidogo akaondoka na gogo. Sasa hukaa chini na kijiji wakapatana bei.

Kutenga msitu si kufunga kila mlango. Msitu uliotengwa vizuri huwa na sehemu ya kuokota kuni kavu, sehemu ya mizinga, sehemu ya kuvuna mbao kwa zamu, na sehemu ya kuacha kabisa, hasa kandokando ya vijito. Hata mkaa waweza kuchomwa kwa mpango, ukikatwa kipande kimoja na kuachwa kichipue tena miaka mingi, bila kung'oa visiki.

Nayaandika haya kwa kuwa mwezi ujao kijiji chetu kina mkutano. Wamekuja watu kutoka mjini wanaotaka kuchoma mkaa katika pori la mashariki, na fedha waliyoitaja si ndogo. Paa la shule lavuja, na wako wenzetu waonao kwamba hiyo ndiyo dawa. Siwabezi, maana mimi mwenyewe wanangu husoma chini ya paa hilo. Lakini nimefanya hesabu kwa kalamu. Fedha ile yatosha mabati mara moja tu. Pori lile, likitengwa na kuvunwa kwa zamu, laweza kutupa mbao za paa hili, na za paa litakalofuata, na kuni katikati. Nitasimama mkutanoni niseme hivyo, nikishindwa nitakuwa nimesema.

Na wewe, msomaji, kaa na watoto wako jioni moja mkachore ramani ya kijiji chenu, si ya nchi. Pakeni kijani palipo na miti leo. Kisha mwite mzee wa nyumba, babu au bibi, umpe kalamu, umwombe apake palipokuwa na miti alipokuwa na umri wa mtoto huyo. Mtazame tofauti ya ramani hizo mbili. Mkiwa wa sehemu nyeupe, fungeni japo robo eka mvua zianzapo, mwone visiki vitawaambia nini. Mkiwa wa sehemu ya kijani, kumbukeni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule kijana aliniambia alikwenda na ramani yake shuleni, na mwalimu akaibandika ukutani. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu: "Nusu ya nchi ni misitu. Bibi yangu alikuwa katika nusu nyingine." Mwalimu alimpa alama zote.